Karani wa Forodhani

Jahazi lilipotia nanga Pangani, miaka ile ya kati ya vita viwili vikuu, jambo la kwanza lilikuwa karatasi. Nahodha alishuka na orodha ya shehena yake, akapanda forodhani, na hapo akakutana na karani. Karani aliisoma orodha, akahakiki mzigo kwa macho yake, akarudi mezani kukokotoa ushuru, akaandika kwenye leja na kupiga mhuri. Mbata, samaki wakavu, tende, mikeka, nguo: kila kitu kilikuwa na jina lake, uzito wake na bei yake, na kosa la tarakimu moja lingemrudia karani mwenyewe siku vitabu vikikaguliwa. Ilikuwa kazi ya subira, ya mwandiko safi na ya kuhesabu kutwa.

Kwenye meza ya namna hiyo ndiko alikokulia Shaaban Robert mwandishi. Naanzia hapo kwa makusudi, kwa sababu wengi wetu tumempokea akiwa ameshakuwa jina. Makumbusho ya Taifa pale Dar es Salaam yako kwenye mtaa wenye jina lake. Kuna shule ya sekondari yenye jina lake. Mtoto anakutana naye darasani akiwa tayari ni mzee wa hekima, mwenye vitabu zaidi ya ishirini, ameketi juu ya fasihi yote ya Kiswahili kama mfalme. Katika heshima hiyo tunasahau kuuliza swali la kawaida kabisa: mtu huyu alikuwa akifanya kazi gani, na vitabu hivyo aliviandika saa ngapi?

Jibu la sehemu ya kwanza ni fupi. Alikuwa karani wa serikali. Aliajiriwa na Idara ya Forodha mwaka 1926, akakaa huko hadi 1944. Kisha akawa chini ya Idara ya Mifugo, Mpwapwa, hadi 1946. Akarudi Tanga kwenye ofisi ya mkuu wa jimbo hadi 1952, halafu ofisi ya upimaji wa ardhi hadi 1960. Ni miaka thelathini na minne ya kukaa kwenye viti vya watu wengine, akinakili, akijumlisha, akijibu barua zisizo zake. Hakuwa profesa wala mhariri wa gazeti. Mshahara wa ukarani ndio uliomlisha karibu maisha yake yote ya kazi.

Jibu la sehemu ya pili ni refu, nalo ndilo historia yenyewe.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909, Vibambani, karibu na Machui, kusini ya mji wa Tanga. Asili ya wazee wake ni Wayao, watu wa kusini, lakini yeye alikulia pwani, akalelewa katika Uislamu na katika Kiswahili, akajihesabu Mswahili. Kati ya 1922 na 1926 alisoma Dar es Salaam. Shule ilikuwa ya serikali mpya ya Kiingereza, na kijana aliyetoka na cheti siku hizo alikuwa na njia moja iliyo wazi mbele yake: ofisi. Waingereza walihitaji makarani, na cheti kilikuwa tiketi ya kupata kalamu, kofia na mshahara wa mwezi. Shaaban alikuwa na miaka kumi na saba.

Miaka hiyohiyo Kiswahili nacho kilikuwa kinaajiriwa. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliamua kwamba lahaja ya Unguja ndiyo itakayokuwa msingi wa Kiswahili cha shule na vitabu. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi zote nne, Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, isimamie tahajia na kupitisha vitabu. Hati za Kirumi zilikwisha kuchukua nafasi ya hati za Kiarabu ambazo washairi wa zamani, akina Muyaka wa Mombasa, walizitumia. Kwa hiyo kijana aliyependa kuandika alikuta lugha yenye hazina kubwa ya tenzi na mashairi, lakini katika hati hizi mpya rafu zake zilikuwa karibu tupu. Vilikuwepo vitabu vya dini, masomo ya shule na tafsiri za hadithi za Ulaya zilizofanywa na Wazungu wenyewe. Mswahili aliyetaka kusoma insha iliyotungwa na Mswahili mwenzake hakuwa na pa kuipata.

Mlango mkuu ulikuwa mmoja: Mambo Leo, gazeti la serikali la kila mwezi lililoanza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923. Lilikuwa na ukurasa wa mashairi, na washairi kutoka kila pembe ya Tanganyika walipeleka tungo zao, wakajibizana, wakasahihishana vina hadharani. Karani wetu wa forodha akawa mmoja wao.

Hapa kuna neno ambalo naona linafaa kutazamwa kwa karibu. Forodhani kuna mizani, ile ya kupimia mbata. Katika shairi kuna mizani pia, ile hesabu ya silabi katika kila kipande. Mtu anayetunga utenzi hufanya hivi: ubeti una vipande vinne, kila kipande kina mizani nane. Vipande vitatu vya mwanzo vinamalizika kwa kina kimoja, na kipande cha nne kinamalizika kwa kina kingine, ambacho hakibadiliki kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Kina hicho cha mwisho ndicho bahari yote inachoelea juu yake. Ukiongeza silabi moja, mshairi mwenzako atakushika kama mkaguzi anavyomshika karani aliyekosea jumla. Sisemi kwamba ushuru ulimfundisha Shaaban Robert kutunga; ushairi aliukuta Tanga na pwani nzima kabla hajashika leja. Nasema kwamba mtu mmoja alikaa baina ya mizani mbili kwa miaka kumi na minane, na ukisoma tungo zake utaona mkono uliozoea kutokosea hesabu.

Mshairi wa Mambo Leo angeweza kubaki mshairi wa Mambo Leo. Walikuwepo wengi waliobaki hivyo, na hawakuwa wabaya. Kilichomsukuma nje ya ukurasa ule, kwa maoni yangu, kilikuwa msiba.

Mke wake, Amina, alifariki baada ya miaka kama kumi ya ndoa. Aliacha binti wa miaka kumi, Mwanjaa, na mtoto mdogo wa kiume, Suleiman. Baba akabaki na watoto wawili na kazi ya ofisi. Akamwandikia mkewe shairi la maombolezo, ambalo hadi leo ni miongoni mwa tungo zake zinazokumbukwa zaidi. Kisha akakaa, akawaandikia watoto. Binti alipata Utenzi wa Hati, na mwana akapata Utenzi wa Adili, kila mmoja wenye beti zipatazo mia.

Anayejua ushairi wa pwani atamkumbuka Mwana Kupona binti Msham wa Pate, ambaye mwaka 1858, akiwa mgonjwa na akihisi ajali yake imekaribia, alimwandikia binti yake utenzi wa nasaha: vipi amche Mungu, vipi akae na watu, vipi aishi na mume. Utenzi ule ulikuwa kauli ya mama kwa mtoto wa kike, na wanawake wa pwani waliurithishana. Shaaban Robert aliichukua kazi ya Mwana Kupona kwa sababu mama wa mtoto hakuwepo tena wa kuifanya. Baba aliingia chumba ambacho kwa desturi si chake, akaketi mahali pa mama, akasema yale ambayo mama angeyasema. Hata neno hati alilolichagua lina uzito: ni andiko la kuwekwa. Wasomaji wa leo, hasa wasichana, hubishana na baadhi ya nasaha zake kuhusu utii wa mke, na wana haki ya kubishana. Lakini ubishi huo usitufanye tusione kilichotendeka. Mtu mwenye majonzi alitafuta katika lugha yake chombo kilichokwisha kuundwa na mwanamke wa Pate miaka themanini na zaidi nyuma, akakikuta kinafaa, akakitumia.

Tangu hapo, ukifuata kazi zake moja baada ya nyingine, utaona mwendo ni uleule. Haja inatokea, naye anatafuta chombo. Kikiwepo anakitumia, na kisipokuwepo anakiunda.

Vita vya pili vya dunia vilikuwa haja kubwa. Vijana wa Afrika Mashariki walichukuliwa kwa maelfu wakapigane Uhabeshi na Burma. Karani wa pwani aliyekuwa mbali na mizinga alianza kuvisimulia vita hivyo kwa utenzi, kama vile wazee walivyovisimulia vita vya Mtume. Utenzi wa Vita vya Uhuru ulipokamilika ulikuwa na beti zipatazo elfu tatu. Fanya hesabu ya karani: beti elfu tatu ni vipande elfu kumi na mbili, ni mizani elfu tisini na sita, na ni mara elfu tatu kurudi kwenye kina kilekile cha mwisho. Jina lenyewe linastahili kusomwa taratibu. Waliotawala waliviita vita vya kuulinda uhuru wa mataifa. Mtawaliwa akalichukua neno uhuru, akaliweka kwenye jalada.

Mwaka 1944 akahamishiwa Mpwapwa. Kwa mtu wa pwani huo haukuwa uhamisho mdogo. Alitoka kwenye minazi na upepo wa kaskazi akaenda bara kavu, kwenye kituo cha utafiti wa mifugo, mbali na watu wake. Karani Mwafrika hakuwa na sauti katika mambo hayo. Amri ilitoka juu, na ngazi yenyewe ilipangwa kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, hata kama kazi ni ileile.

Safari hiyo na mengine mengi aliyaweka katika Maisha Yangu, kitabu kilichochapwa na Nelson mwaka 1949. Tippu Tip alitangulia kusimulia maisha yake kwa Kiswahili, lakini ile ilikuwa simulizi ya bwana mkubwa wa misafara na bunduki, mtu aliyefanya biashara ya pembe na watumwa. Shaaban Robert aliandika maisha ya mtu asiye na cheo: mke aliyefariki, watoto, uhamisho, usafiri wa shida, bwana mkubwa wa ofisini. Aliona kwamba maisha ya karani yanatosha kuwa kitabu. Mimi naliona hilo kuwa tendo la ujasiri, na ujasiri wenyewe ni wa kimya, kwa sababu mwandishi hapigi kelele popote. Tenzi mbili za watoto amezitia humohumo ndani, nathari na ushairi zikikaa chumba kimoja, jambo ambalo wahakiki wa leo wangelipa jina refu. Kwake lilikuwa jambo la kawaida. Maisha yalikuja yakiwa yamechanganyika, akayaandika hivyohivyo.

Lakini mtumishi wa serikali hawezi kukiita kila kitu kwa jina lake. Hapo ndipo ilipozaliwa Kusadikika.

Kila aliyepita sekondari anaijua nchi ile iliyo angani. Karama anashtakiwa mbele ya mfalme kwa kosa la kufundisha watu sheria. Mshtaki wake ni Waziri Majivuno. Karama anapewa siku sita ajitetee, na utetezi wake wote ni kusimulia habari za wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, waliotumwa kila upande, hata mbinguni na ardhini, walete mambo ya kuifaa nchi. Kila mmoja alirudi na jambo jema, na kila mmoja alitiwa gerezani. Kitabu kilitoka mwaka 1951, tena London, kwa wachapaji wa Nelson. Nchi ambayo mtu mwenye maarifa anafungwa kwa sababu ya maarifa yake. Nchi ambayo kujua sheria ni kosa. Na mwisho wake wafungwa wanafunguliwa. Msomaji wa Tanganyika hakuhitaji kuelezwa nchi hiyo iko wapi.

Inasemwa sana, nami nakubali kwa sehemu, kwamba wahusika wake wana majina badala ya sura. Majivuno ana majivuno, Utubora wa Utubora Mkulima ni mtu bora, na hakuna anayekushangaza. Ukitaka riwaya ya nafsi za watu, yenye mtu mwema anayeteleza na mtu mbaya anayelia usiku, huipati Kusadikika, na waandishi waliokuja baadaye, Kezilahabi hasa, ndio waliotupatia. Lakini tumsome katika ukoo wake. Chombo alichokitumia hakikuwa riwaya ya Ulaya. Kilikuwa hekaya, na pwani hekaya ina watoto wengi. Adili na Nduguze, kilichotolewa na Macmillan mwaka 1952, kina undugu wa karibu na kisa cha Alfu Lela Ulela: ndugu wawili wenye husuda wanageuzwa manyani, na ndugu yao anaamriwa kuwapiga kila usiku huku moyo wake ukimuuma. Bibi zetu walituhadithia mambo ya aina hiyo gizani. Alichofanya Shaaban Robert ni kuichukua hekaya ya barazani, akaipangia sura, akaipa nathari iliyonyooka na yenye mdundo, akaitwisha mzigo wa siasa au wa maadili. Baada yake mtu aliyetaka kuandika hadithi ndefu kwa Kiswahili alikuwa na mahali pa kuanzia, hata kama nia yake ilikuwa kuondoka hapo.

Mwaka huohuo wa 1952 akatoa Omar Khayyam kwa Kiswahili, akipitia tafsiri ya Kiingereza ya FitzGerald. Na mwaka 1954 kikatoka Kielezo cha Insha. Jina la kitabu ni kauli ya mtu anayejua anachokifanya. Kielezo ni mfano wa kufuatwa. Aliona kwamba Kiswahili kina mashairi ya kutosha kufunikia bahari, lakini mwanafunzi akiambiwa aandike ukurasa mmoja wa nathari juu ya jambo moja, akianza, akilifikiri na kulimaliza, hana wa kumuiga. Basi akamwandikia vya kuiga. Zipo insha humo zinazosomeka leo kama mawaidha ya msikitini, na zipo ambazo sentensi zake zimesimama wima kiasi kwamba ungetaka kuzisoma kwa sauti. Rafu zile nilizosema zilikuwa karibu tupu, alizijaza.

Kitabu chake ninachokipenda kuliko vyote si riwaya wala diwani. Ni kile kidogo cha Siti binti Saad.

Siti alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, katika ukoo wa watu wa chini, wenye asili ya utumwa. Alifinyanga vyungu na kuvitembeza mjini akivinadi kwa sauti. Sauti hiyo ndiyo iliyomfikisha kwenye taarabu, na mwaka 1928 ikamfikisha Bombay, ambako aliingiza nyimbo za Kiswahili kwenye santuri. Santuri zake zilisikika pwani nzima na bara pia. Alifariki Julai 1950.

Kabla hajafa, Shaaban Robert alimwendea. Hebu tulitazame tendo hilo lilivyo. Mwandishi mwenye jina, karani wa serikali, Mwislamu mwenye heshima zake, anavuka bahari akamsikilize mwimbaji mzee, mwanamke ambaye wengine walimdharau kwa sura yake na kwa asili yake, amsimulie maisha. Watu walioandikiwa wasifu siku hizo walikuwa magavana, wamisionari na masultani. Mfinyanzi wa Fumba hakuwemo. Wasifu wa Siti binti Saad ulitoka mwaka 1958 pamoja na jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, na baadaye ukawa kitabu. Ndani yake mwandishi hamhurumii Siti wala hamtukuzi kwa maneno matupu. Anampima kwa kazi yake. Nahisi alimwelewa kwa sababu naye alikuwa mtu wa kazi, aliyepanda kutoka mahali pasipotarajiwa, bila kitu mkononi ila alichojaliwa kukifanya vizuri. Na kama asingekwenda wakati ule, sehemu kubwa ya tunayoyajua leo juu ya Siti ingezikwa naye.

Sasa tutazame anwani za wachapaji. Pambo la Lugha, diwani yake ya mwanzo, ilichapwa na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, katika mfululizo uliofunguliwa mwaka 1935 na mashairi ya Kizulu ya Vilakazi. Kielezo cha Insha nacho kilichapwa hukohuko. Maisha Yangu na Kusadikika ni London. Adili na Nduguze ni London pia. Mwandishi yuko Tanga, msomaji yuko Tanga, na kitabu kinazaliwa safari ya wiki kadhaa kwa meli. Mswada unakwenda kwa posta, jibu linachelewa, prufu zinasahihishwa na watu ambao pengine Kiswahili wamekijulia kwenye kamusi. Miswada mingine ilikwenda ikalala. Kufikirika, riwaya ya mfalme asiye na mrithi anayekusanya waganga wa kila aina, iliandikwa mwaka 1946 na ikatoka mwaka 1967. Ni miaka ishirini na mmoja. Utenzi wa Vita vya Uhuru, ule wa beti elfu tatu, nao uliona chapa mwaka 1967, miaka ishirini na miwili baada ya vita kwisha.

Alipofika miaka hamsini alichoka kungoja. Vitabu vya Masomo Yenye Adili na Insha na Mashairi vya mwaka 1959, na Almasi za Afrika cha mwaka 1960, vina anwani nyingine: Art & Literature, Tanga. Hilo lilikuwa jumba lake mwenyewe la uchapishaji. Karani aliyehesabu mali za watu kwa miaka thelathini sasa alihesabu nakala zake mwenyewe.

Hakuwa mtu aliyesahauliwa wakati wa uhai wake, hilo niliweke wazi. Alikuwa mjumbe wa Kamati ya Kiswahili, alipewa tuzo ya ukumbusho wa Margaret Wrong, na serikali ya Kiingereza ikampa nishani ya MBE. Lakini nishani hailipi mchapaji, na ofisi ya upimaji ilimngojea kila Jumatatu.

Aliacha kazi ya serikali mwaka 1960. Kwa mara ya kwanza tangu umri wa miaka kumi na saba, asubuhi zilikuwa zake. Katika kazi zake za nathari za miaka ya mwisho sauti imebadilika. Nchi za angani zimekwisha, na sasa tuko mahali penye jina. Utubora Mkulima ni habari za mtu anayeacha kazi yake nzuri ya mjini baada ya vita, anashika jembe na kwenda kuishi kijijini, huku marafiki wakimshangaa. Siku ya Watenzi Wote iko Dar es Salaam, miongoni mwa maskini, wafadhili na wabishi wa dini, mji ukingojea mambo mapya. Siwezi kusoma Utubora Mkulima bila kufikiri kwamba mwandishi wake alikuwa amekaa ofisini miaka thelathini na minne. Jembe la Utubora ni ndoto ya karani.

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Shaaban Robert alifariki Juni 1962, akiwa na miaka hamsini na mitatu, akazikwa Machui. Alipata miaka miwili tu ya kuandika bila kuomba ruhusa ya mtu. Desemba ya mwaka huohuo, Tanganyika ilipokuwa jamhuri, Nyerere alilihutubia Bunge kwa Kiswahili. Mwenye kuitayarisha lugha kwa siku hiyo hakuwepo kusikiliza.

Kisha vitabu vikaanza kumiminika, mwandishi akiwa kaburini. Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini vikatolewa pamoja mwaka 1966. Mwaka 1967 Kufikirika na utenzi wa vita. Mwaka 1968 Utubora Mkulima, Siku ya Watenzi Wote na Ashiki Kitabu Hiki. Mwaka 1969 Koja la Lugha. Mtu aliyefungua macho katika miaka hiyo angedhani Shaaban Robert yu hai na yuko kazini kuliko wakati wowote.

Kazi yake ya mwisho kutufikia hakuikusudia iwe kitabu. Tangu mwaka 1931 alimwandikia barua ndugu yake, Yusuf Ulenge, ambaye naye alikuwa mwandishi. Aliandika juu ya watoto, fedha, miswada, maradhi, kazi, mambo ambayo mtu humwambia ndugu. Bwana Ulenge hakuzitupa. Alizitunza mwaka baada ya mwaka, na mwaka 2002 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikazichapa, zikiwa zimehaririwa na Profesa Mulokozi: Barua za Shaaban Robert, 1931 hadi 1958. Bila sanduku la ndugu huyo, tungemjua mshairi tusimjue karani.

Kwa hiyo nina ombi kwako wewe unayesoma. Kama nyumbani kwenu kuna sanduku la mzee aliyekuwa karani, mwalimu, mganga wa zahanati au mwimbaji wa ngoma, lenye daftari, barua au karatasi zilizoandikwa kwa mkono, usilichome siku ya kusafisha chumba. Kwanza zisome. Ukishindwa kusoma mwandiko, au ukikuta ni hati za Kiarabu, mpelekee anayezijua. Zipo karatasi nyingi za namna hiyo kutoka Lamu hadi Kilwa na hata Ujiji, na mchwa wanazifikia kabla yetu.